Mtu Si Samaki

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja asubuhi mbele ya wazazi, walimu na wazee wa mtaa wetu, hapa Tanga. Walioshindwa kufika walinidai niyaandike, nami nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Assalaam alaykum. Bwana asifiwe. Na nyinyi mliofuata chai, hamjambo? Chai ipo, ila itakuja baada yangu.

Mwenyekiti wetu wa mtaa, walimu, wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Wazazi wenzangu, habari za asubuhi. Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimefanya kazi miaka 33, mingi kati ya hiyo kliniki ya mama na mtoto, mbele ya ile mizani ya kuning'iniza mnayoijua: mtoto unamtia kwenye kaptula ya turubai, miguu inaelea, analia, mama anacheka kwa woga, mimi nasoma mshale na kutia nukta kwenye kadi. Humu ndani wapo niliowapima. Namwona mmoja kule nyuma, sasa ana ndevu.

Mwalimu mkuu aliponiita nije nizungumzie makuzi ya binadamu, alinipa na kichwa cha mazungumzo: "Samaki mkunje angali mbichi." Nikamwambia nitakuja, lakini methali hiyo nitagombana nayo. Sisemi ni ya uongo. Wazee walioitunga waliona mengi. Lakini hebu mtazameni huyo samaki. Samaki anayekunjwa ni samaki aliyekwisha kufa. Yuko jikoni, anakunjwa aenee kwenye kikaango. Habari zake za kukua ziliishia baharini. Mtu si hivyo. Mtu anakua akiwa tumboni, anakua akiwa na miaka 3, na 15, na 45, na bibi yangu yule mwenye kanga ya rangi ya chungwa, naye anakua, msimcheke.

Na kuna jambo jingine methali hiyo inatuficha. Mtu hakui mzima mzima, kila kitu kwa pamoja. Mwili una saa yake, akili ina saa yake, moyo una saa yake, na saa hizo tatu hazigongi pamoja. Ugomvi mwingi niliousikia kliniki, na mwingine wa nyumbani kwangu mwenyewe, ulitokana na mtu kutazama saa moja akadhani ameziona zote.

Tuanze na huyu mwenye kilo 3. Anazaliwa ana urefu wa sentimita 50 hivi. Akifika miezi 5 au 6 uzito umekuwa mara mbili, akitimiza mwaka umekuwa mara tatu. Hakuna mwaka mwingine maishani utakaoongezeka mara tatu, hata ukioa mpishi. Lakini mnachokiona kwenye mizani ni nusu ya habari. Ubongo wa kichanga una kama gramu 350 hadi 400, na wa mtu mzima ni 1,300 na kitu. Akifika miaka 2 ubongo wake umeshavuka robo tatu ya ule wa mtu mzima, na akifika miaka 6 umefika tisa ya kumi. Ndiyo maana anazaliwa na kichwa kikubwa ukilinganisha na kiwiliwili chake, na ndiyo maana utosi ni laini. Mifupa ya kichwa haijaungana, kwanza ili apite njiani salama, halafu ili ubongo upate nafasi. Utosi wa mbele hujifunga wenyewe, kwa wengi kati ya mwaka mmoja na mwaka na nusu, na wengine huchelewa mpaka miaka 2. Hauhitaji kuzibwa kwa dawa ya kupaka. Ukiuona umedidimia, na mtoto anaharisha, hapo acha kila kitu umlete, maji yamemwishia mwilini.

Sasa ubongo huo unafanya nini usiku na mchana? Unafunga nyuzi. Kila anapoitwa, anapoimbiwa, anapochekewa naye akacheka, seli moja inashikana na nyingine. Nyuzi zinazotumika zinakazwa, zisizotumika zinapogolewa kama matawi ya mchungwa. Kwa hiyo mama anayezungumza na kichanga wakati wa kumkogesha, mume asimwambie "unaongea na nani?" Yuko kazini.

Niwape mfano wa mahali ambapo hapakuwa na wa kuzungumza nao. Utawala wa Ceaușescu ulipoanguka Romania mwaka 1989, dunia ilikuta nyumba za kulelea watoto zimejaa. Baadaye watafiti wa Kimarekani walikwenda Bucharest wakachukua watoto 136 wa nyumba hizo, wakapiga kura: nusu wakapelekwa kwa walezi majumbani, nusu wakabaki kwenye utaratibu wa kawaida. Huko ndani walikuwa na vitanda na chakula, na zamu za wafanyakazi zilibadilishwa kwa saa. Kilichokosekana ni mtu wa mtoto fulani, wa kuja anapolia yeye na si kengele inapolia. Waliopata walezi akili zao ziliinuka, na waliotolewa kabla ya kutimiza miaka 2 ndio waliopona vizuri zaidi kwenye mambo ya moyo. Na lile lililonigusa mimi mtu wa mizani: hata urefu na uzito wao ulianza kukimbia. Mtu anaweza kudumaa kwa kukosa mtu.

Msidhani elimu hii yote ilitoka Ulaya. Mwaka 1954 mama mmoja, Mary Ainsworth, alimfuata mumewe aliyepata kazi Kampala. Akaanza kuwatembelea Waganda majumbani, familia 26 zenye watoto wachanga 28, wiki hii anakuja, wiki mbili tena anakuja, anakaa na akina mama na mkalimani wake, anatazama. Aliona kitu ambacho kila mmoja wenu amekiona asikipe jina: mtoto anatambaa kumwacha mama, anafika mlangoni, anageuka kutazama kama mama bado yupo, halafu ndipo anaendelea. Mama ni bandari. Chombo kinachojua bandari iko wapi ndicho kinachothubutu kwenda mbali. Na watoto waliotulia zaidi walikuwa wa wale akina mama ambao, ukiwauliza habari za mtoto, hawamalizi: anapenda hiki, akiona kile anafanya hivi. Waliokuwa wanawatazama. Elimu nzima ya mfungamano wa mama na mtoto, inayofundishwa leo vyuoni kote duniani, mguu wake mmoja umekanyaga vibaraza vya Uganda.

Nije kwenye kutembea, maana hapa ndipo wakwe wanapoharibu nyumba za watu.

Mama mmoja alikuja kliniki macho yamevimba. Mtoto ana miezi 13, hajatembea. Mama mkwe ameshatoa hukumu: mtoto amebemendwa. Nyinyi mnajua maana yake, kwamba wazazi hawakungoja. Yule binti hakuwa na la kusema mbele ya watu, ataanzia wapi? Nikamchukua mtoto, nikamsimamisha ameshika meza, akachezesha magoti kama anacheza ngoma. Mzima kabisa.

Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya njema wa Ghana, India, Norway, Marekani na Oman, ile Oman ya shangazi zetu, likatoa vipimo vyake mwaka 2006. Watoto hao wazima walianza kutembea wenyewe, wa kwanza wakiwa na miezi 8 na siku chache, wa mwisho wakiwa na miezi 17 na nusu. Tazameni upana wa mlango huo! Na wapo kama 4 katika kila 100 ambao hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa. Walisota, wakasimama, wakaenda zao. Akipita miezi 18 hajatembea, mlete tumtazame. Kabla ya hapo, mama mkwe na apumzike.

Lakini pia hatumngojei mtoto kama mnazi. Miaka ya sabini mtafiti Charles Super alikaa Kokwet, Kenya, kwa Wakipsigis. Akina mama kule wanamfundisha mtoto kukaa: wanachimba kijishimo, wanamweka, wanamzungushia nguo asianguke. Wanamfundisha na kutembea. Watoto wao wakawa wanakaa na kutembea karibu mwezi mzima kabla ya wale wa Marekani. Lakini kutambaa, ambako hakuna aliyewafundisha, hawakuwatangulia. Kwa hiyo damu ina neno lake, na kijishimo kina neno lake. Sisi hapa tunatumia beseni na khanga, ni yale yale.

Udumavu ni jambo jingine, na hilo sicheki nalo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Mwaka 2015-16 walikuwa 34. Tumeshuka, lakini bado ni watatu katika kumi. Aliyedumaa huwezi kumtambua kwa macho kwa sababu hajakonda, ni mfupi tu, na jirani zake wote ni wafupi. Hakubemendwa. Mama yake alikula vibaya akiwa mjamzito, au mtoto amepewa uji mtupu usio na dagaa wala karanga, au kila mwezi anaharisha na chakula hakikai. Na udumavu haukai kwenye mifupa peke yake. Ubongo ule niliosema unakua mbio miaka miwili ya kwanza, ndio huo huo unaokosa tofali wakati fundi yuko juu ya ukuta.

Kabla sijasahau, kigego. Meno ya juu yakitangulia, mabibi zetu waliona mkosi, na watoto waliteswa kwa hilo, wengine zaidi ya kuteswa. Ni jino tu jamani.

Mtoto wa miaka miwili nampitia haraka, mnamjua. Anasema "taka maji," bado hajapata "nataka." Anasema hapana hata kwa kitu anachokitaka. Amegundua kwamba yeye ni mtu mbali na mama yake, na hiyo ni habari kubwa, nani asingeitangaza?

Ila nataka tukae kidogo kwa wa miaka mitano. Nyumbani kwangu nina mjukuu wa kiume. Siku moja nilimimina juisi ya ukwaju kwenye bilauri mbili zinazofanana, nikampigisha magoti azitazame kwa usawa wa meza. "Ziko sawa?" Akasema sawa, bibi. Nikachukua moja, mbele ya macho yake, nikaimimina kwenye glasi nyembamba ndefu. Juisi ikapanda juu. "Sasa?" Akasema ile ndefu ndiyo nyingi. Nikairudisha kwenye bilauri: sawa. Nikaimimina tena: nyingi. Nikampa ile bilauri fupi anywe. Machozi! Ameonewa. Dada yake wa miaka minane alikuwa anasuka nywele pembeni, akaguna bila kuinua kichwa: "Si ndiyo ile ile."

Mchezo huu ni wa Jean Piaget, Mswisi aliyechunguza akili za watoto, na umerudiwa duniani pote. Huyu mdogo si mjinga na wala hakaidi. Jicho lake linashika kitu kimoja kwa wakati mmoja, kimo, na haliwezi bado kushika kimo na upana kwa pamoja. Akikaribia miaka 7 kitu kinafunguka. Fikirini basi mara ngapi tumemchapa mtoto wa miaka mitano kwa kushindwa kufikiri kama wa miaka minane. Fikirini na chakula mnavyowagawia.

Wakati huo huo, miaka 4 na 5, anajifunza jambo la ajabu zaidi: kwamba kichwani mwako wewe mna mawazo yako, na yanaweza kuwa si sahihi. Watafiti waliwaendea watu wa kabila la Baka kwenye misitu ya Kameruni, wakamwambia mtoto ahamishe kokwa za embe kutoka kwenye chombo azifiche, wakati mwenyewe aliyekuwa anazipika ametoka. Akirudi atazitafuta wapi? Wadogo wanasema kule zilikofichwa, kwani si ndiko ziliko? Wa miaka mitano wanasema atatazama kwenye chombo, kwa sababu hajui. Kwa hiyo siku mtoto wako anapokudanganya kwa ustadi mara ya kwanza, mkanye, ni wajibu wako. Lakini kaa pembeni ujipongeze, akili imepiga hatua.

Miaka ya shule, kuanzia meno ya maziwa yanapoanza kung'oka hadi darasa la tano la sita, walimu mnaijua kunishinda. Niseme moja tu: mtoto wa umri huo anajipima kwa wenzake kuanzia asubuhi mpaka jioni. Ukimwita mzembe kila siku, atalishika neno hilo, akue nalo.

Haya. Baleghe. Naona vijana mmekaa sawa.

Msichana huanza kubadilika popote kati ya miaka 8 na 13, mvulana kati ya 9 na 14. Lugha yetu ilikuwa na majina kwa kila hatua: kigori, mwali, barobaro. Siku hizi tunasema "mtoto" mpaka Ijumaa, Jumatatu tunasema "mtu mzima huyo." Na hapa ndipo saa tatu zinapotofautiana kuliko wakati mwingine wote. Binti amevunja ungo, ana kimo cha mama yake. Watu wanasoma mwili. Lakini hata mwili wenyewe haujamaliza: nyonga zinaendelea kupanuka miaka kadhaa baada ya hedhi ya kwanza. Nimeshika taa kwenye uzazi wa binti ambaye nyonga zilikuwa bado. Nasuri inatokea huko, uchungu unakaa siku mbili, tishu zinakufa, mkojo unavuja mchana na usiku, na mume aliyemtaka mwali anamrudisha kwao. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuozwa kwa idhini ya mzazi, na wa 14 kwa idhini ya mahakama. Rebeca Gyumi, mtetezi wa haki za wasichana, aliipeleka Mahakama Kuu akashinda mwaka 2016, Serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha, ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Yaliyosemwa pale kisheria, mizani yangu iliyasema zamani.

Sasa akili yake na moyo wake. Sehemu za ubongo za hamu, hofu na raha zinawaka mapema. Sehemu ya mbele, hapa nyuma ya paji la uso, ya kupima na kusema ngoja kwanza, inakamilika mtu akikaribia miaka 25. Tanga limeshatwekwa, kusi inavuma, na usukani bado uko kwa fundi unachongwa. Mtoto huyo huyo ukimkalisha peke yake mchana, ukamuuliza hatari ya kuogelea kwenye mkondo, atakujibu kama nahodha. Jioni yuko na wenzake sita, ameruka. Hakukudanganya mchana ule. Kukiwa na macho ya wenzake ile hamu inapanda, na breki ndiyo ile bado.

Na usingizi! Katika umri huu saa ya mwili inayoleta usingizi husogea mbele saa moja hadi mbili. Usiku hapati usingizi, alfajiri hainuki. Si uvivu wote. Nimesema si wote, mwanangu, usinipigie makofi.

Wazee wetu walikuwa na dawa ya kipindi hiki, na sisi tumeitupa pamoja na maji machafu yaliyokuwa ndani yake. Yale ya kukata na kuumiza yaende, sina machozi. Lakini kulikuwa na somo, kulikuwa na kungwi: mtu mzima asiye mama wala baba, aliyeruhusiwa kusema yasiyosemeka, na binti akamuuliza bila haya. Kwa kuwa mama huwezi kumuuliza kila kitu. Marehemu Bi Kidude wa Unguja, ambaye wengi mnamjua kwa taarab tu, alikuwa pia mtu wa unyago. Leo nawauliza, kungwi wa binti yako ni nani? Kimya. Basi ni simu.

Utu uzima tutaupita mbio kwa sababu nyinyi mliomo hamtaki kuusikia. Kati ya miaka 40 na 45 lensi ya jicho inakuwa ngumu. Unasoma ujumbe kwa kunyoosha mkono, na mkono umeisha. Unamwita mtoto akutungie uzi kwenye sindano. Misuli ilishaanza kupungua tangu thelathini na kitu, polepole, kwa asiyeitumia. Mwanamke akifika miaka 50 hivi, hedhi inakoma. Na kabla haijakoma, kuna miaka ya joto linalopanda kifuani usiku, usingizi kukatika, hasira zisizo na anwani. Waume zetu, nimeulizwa sana na nyinyi, kwa sauti ya chini, nje ya zahanati: "Dada, mke wangu amebadilika." Ndiyo, amebadilika. Fungua dirisha, na umwambie aje tuzungumze, zipo njia za kumsaidia. Na huyu mtu wa makamo ana mtoto anayedai ada upande huu na mama anayeumwa upande ule, wote wanamtazama yeye. Hakuna umri unaobeba mzigo mzito kama huo, na ndio tusiousemea kitu.

Tufike kwa wazee.

Nendeni barazani mkatazame bao. Kijana mwepesi wa vidole, anasambaza kete kama mvua. Mzee anakaa kimya, anakuna kidevu, anacheza mara moja, mchezo umekwisha. Wepesi wa ubongo huanza kupungua mapema, hata kabla ya miaka 30, msishtuke. Lakini msamiati, maarifa, kuona jambo hili limefanana na lile la mwaka wa mafuriko, hayo yanaendelea kupanda miaka mingi, kwa wengi mpaka sitini na zaidi. Bibi anayeshindwa kutuma pesa kwa simu ndiye huyo huyo anayejua nani mjukuu wa nani na kwa nini ndoa fulani isifungwe. Bi Kidude huyo, umri wake hakuna aliyeujua kwa hakika, wengi walimhesabia zaidi ya miaka 100 alipofariki Aprili 2013, na alikuwa jukwaani uzeeni kabisa.

Na moyo, je? Mtafiti wa Stanford, Laura Carstensen, alitazama jambo ambalo wengi hawakulitegemea: mtu akiona muda uliobaki ni mfupi, anachagua. Marafiki wanapungua, waliobaki wanapendwa zaidi, na makasiriko yanapungua. Bibi hana muda wa kununa.

Lakini wapo wanaougua, na hapa nina neno na mtaa wetu. Mwaka 2010 hivi watafiti walipita nyumba kwa nyumba wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wakawapima watu wa miaka 70 na zaidi, karibu 1,200. Walikuta kama 6 katika kila 100 wana dimensia, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu. Maana yake wengine zaidi ya 90 hawanayo. Kwa hiyo msiseme "uzee huo" kila mzee anapopotea njia, mleteni. Na yule mwenye ugonjwa ni mgonjwa. Anatoka usiku kwa sababu hajui kama ni usiku. Anazungumza na watu usiowaona kwa sababu ubongo wake unamletea watu hao. Huko Usukumani tumesikia miaka mingi vikongwe wakiuawa kwa kuwa na macho mekundu, macho yaliyopikia watoto kumi kwenye moshi. Na hapa kwetu minong'ono ninaisikia. Huko huko Hai walijaribu pia vikao vya mazungumzo na michezo ya kuchangamsha akili kwa wagonjwa hao, na vikawafaa.

Marehemu mama yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa Pangani, tukamleta kwangu. Kila jioni alimuulizia dada yake. Mimi muuguzi, mwenye vyeti, nikawa namjibu kwa ukweli: "Mama, mama mkubwa alishafariki." Naye analia kama habari imefika leo. Kesho yake anauliza tena, nami namfisha tena mama mkubwa. Nilifanya hivyo wiki nyingi. Aliyenifundisha ni dada wa kazi, msichana wa miaka 19, siku moja aliponitangulia kujibu: "Kwani bibi, dada yako alikuwa anapenda kupika nini?" Mama akakaa sawa, akapika samaki wa kupaka kwa mdomo, kuanzia kukuna nazi. Hakulia.

Jina langu alilisahau. Mikono haikusahau. Ukimwekea chane za ukindu mapajani, vidole vinaondoka peke yake, ukili unashuka sakafuni huku yeye anatazama pengine kabisa. Kumbukumbu ya mikono ina chumba chake katika ubongo, na ugonjwa huchelewa kukifikia. Yule mjukuu wangu wa kike, msuka nywele, wakati huo alikuwa na miaka minne, akajisogeza naye asuke. Mama alimwita kwa jina la dada yake. Mtoto akaitika. Sijui aliamuaje, lakini tangu siku hiyo aliitika kila mara, na wakawa wanakaa jamvini kuanzia alasiri, mmoja hajajua kusuka, mwingine hajui kwamba anasuka, wanapokezana ule ule ukili.

Ninao hapa. Ushike, mwalimu, halafu uupitishe. Mtauona unakwenda umenyooka, ghafla unapinda na kulegea, halafu unanyooka tena, unapinda tena. Msiuvute sana pale palipolegea, haujashonwa bado. Waliokuja na kadi za kliniki wanikute chini ya mwembe, na chai iko tayari.